Taa kali si taa njema kwa gari kuukuu

Pana ada iliyozuka katika barabara zetu, nayo inawapofusha watu wengi kuliko inavyowaangazia. Mwenye gari kuukuu akiona taa zake za mbele zimefifia, hukimbilia duka la vipuri na kuulizia balbu iliyo kali kupita zote. Muuzaji humtolea kisanduku chenye picha ya mwanga mweupe kama wa radi. Fundi huichomeka balbu kwa muda usiozidi dakika kumi. Naye mwenye gari hurudi nyumbani akijisifu kwamba sasa anaona. Hajui, au hataki kujua, kwamba kila amkabiliye njiani hulazimika kufumba macho. Wala hajui kwamba yeye mwenyewe huenda haoni mbali zaidi ya alivyoona jana.

Dai langu leo ni hili: taa njema ni ile ipelekayo mwanga mahali unapotakiwa na kuuzuia usiende pasipotakiwa. Tena, kwa gari kuukuu la familia, sehemu kubwa ya mwanga unaotafutwa dukani tayari imo garini, imefungiwa nyuma ya lenzi iliyochakaa, waya zilizochoka na skrubu zilizolegea. Busara inatutaka tuutoe mwanga huo kwanza kabla ya kununua mwingine.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanawahusu nini walimu na wanafunzi. Yanawahusu sana. Tazama uwanja wa shule yoyote ya upili siku ya kazi, utayaona magari ya walimu yamepangwa chini ya miti: Toyota Corolla na Nissan Sunny zilizoundwa Japani katika miaka ya 1990, Probox zilizochoka kwa kubeba madaftari na magunia ya viazi, na pengine Peugeot 504 moja inayokataa kustaafu. Kanuni zetu haziruhusu gari lililopita umri wa miaka 8 kuingizwa nchini, lakini hakuna kanuni inayolizuia lisizeeke likiwa hapa. Wengi wetu hulinunua likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu, na kila mmoja wao amezichokonoa taa kwa namna yake.

Kwa upande wa wanafunzi, wengi hutembea kwa miguu kabla hakujapambazuka, wamevaa sweta za rangi zilizokolea, kandokando ya barabara zisizo na njia ya waendao kwa miguu wala taa za mitaani. Mwaka baada ya mwaka takwimu za ajali humu nchini huonyesha jambo lile lile: waendao kwa miguu ndio wanaofariki kwa wingi kuliko watumiaji wengine wowote wa barabara. Basi mwalimu anapochagua taa za gari lake, anachagua pia ikiwa atamwona mwanafunzi wake alfajiri, na ikiwa dereva anayekuja mbele yake ataweza kumwona mwanafunzi huyo pia.

Na tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 hivi kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji takriban sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki. Kwa muda huo gari limekwisha kula mita 33. Breki zikiwa nzuri na lami ikiwa kavu, litahitaji mita nyingine 35 hivi ili lisimame. Jumla ni mita 68. Sasa, mwanga wa karibu wa taa za kawaida, yaani ule tunaouwasha tunapokutana na gari jingine, humwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi kutoka umbali wa mita 50 hivi, na mara nyingi pungufu ya hapo. Katika zile mita 18 zilizokosekana ndimo ulimo uhai wa mtoto. Lakini dereva huyo huyo akiupunguza mwendo hadi kilomita 60 kwa saa, atasimama ndani ya mita 45. Hivyo basi, kabla hatujazungumzia balbu yoyote, yafaa tukiri kwamba hakuna taa inayouzwa dukani iwezayo kufanya kazi ya mguu ulioondolewa kwenye mafuta.

Baada ya kulisema hilo, tuitazame taa yenyewe. Taa ya mbele ya gari kuukuu ina viungo vitatu vinavyotegemeana kama mafiga. Kuna balbu, ambayo huzaa mwanga. Kuna bakuli la ndani ling'aalo, liitwalo kiakisi, ambalo huukusanya mwanga huo na kuusukuma mbele. Na kuna lenzi, ambayo katika magari ya zamani huwa ya kioo chenye mistari inayoutawanya mwanga kwa mpango maalumu, na katika magari ya baadaye huwa ya plastiki iliyo wazi. Figa moja likiondolewa au likibadilishwa ovyo, chungu humwagika.

Balbu inayopatikana katika magari mengi ya familia humu nchini ni ile ya aina ya H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971. Ndani yake mna gesi yenye halojeni na nyuzi mbili za chuma cha tungsteni: mmoja wa wati 60 kwa mwanga wa mbali, na mwingine wa wati 55 kwa mwanga wa karibu. Chini ya uzi wa mwanga wa karibu pana kikombe kidogo cha chuma. Wengi hukiona wasijue kazi yake. Kikombe hicho huuzuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya kiakisi, kwa sababu mwanga ugongao hapo ungerushwa juu, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Kwa hivyo gari lenye taa timamu likielekezwa ukutani usiku, utaona mstari ulio wazi: chini ya mstari kuna mwanga, juu yake kuna giza. Katika nchi ziendeshazo upande wa kushoto kama Kenya, Uingereza na Japani, mstari huo hupanda kidogo upande wa kushoto ili uangaze ukingo wa barabara, mahali wapitapo watu, ng'ombe na baiskeli. Mstari huo ndio adabu ya barabarani iliyochorwa kwa mwanga.

Hapo ndipo lilipo kosa la balbu za LED zinazochomekwa katika taa zilizoundwa kwa ajili ya halojeni. Uzi wa balbu ya halojeni una urefu wa milimita chache tu na huangaza pande zote. Kiakisi kilichongwa kwa kuukadiria uzi huo, mahali pake na umbo lake, kwa vipimo vidogo mno. Balbu nyingi za LED za kuchomeka hazina uzi. Zina vipande bapa viangazavyo ubavuni, kushoto na kulia, na katikati pana ubao wa chuma wa kuupoza moto. Chanzo cha mwanga kikibadilika umbo, au kikihama hata kwa milimita moja, kiakisi hakiwezi kujisahihisha. Hufanya alichofanya mwalimu wa hesabu aliyepewa swali lililokosewa: hufuata kanuni barabara na kupata jibu la uongo. Mstari ule wa adabu huvurugika. Panatokea madoa meusi mahali palipostahili mwanga, na miali ya kupofusha mahali palipostahili giza.

Zile za zenoni ni hatari zaidi zikiwekwa vivyo hivyo. Uzi wa mwanga wa karibu wa H4 hutoa takriban lumeni 1,000. Balbu ya zenoni ya kawaida hutoa zaidi ya 3,000. Teknolojia hiyo ilipoingia sokoni mwaka 1991 katika magari ya BMW ya daraja la juu, taa nzima ilibuniwa upya kwa ajili yake. Na kanuni za Ulaya zilikuja kudai kwamba gari lenye taa kali kiasi hicho liwe na mtambo wa kuziinamisha lenyewe linapobeba mzigo, pamoja na kifaa cha kuoshea lenzi. Anayeichomeka zenoni katika taa ya Corolla ya mwaka 1996 ameuchukua moto wa jiko la kiwandani na kuutia katika jiko la makaa.

Lakini je, mbona waliozinunua balbu hizi huapa kwamba wanaona vizuri zaidi? Jibu limo katika jicho la mwanadamu. Balbu hizo aghalabu humwaga mwanga mwingi mno mita 10 au 20 mbele ya gari. Dereva huiona lami iking'aa na moyo wake ukatulia. Kumbe mboni zake zimesinyaa kwa sababu ya ule mwangaza wa karibu, na kule mbali, anakohitaji kuona mapema, giza limezidi kuwa zito. Anaona vizuri mahali ambapo hawezi tena kusimama kabla ya kufika. Hali ni mbaya zaidi kwa walio wakongwe miongoni mwetu, maana jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga ambao jicho la kijana wa miaka 20 lingepokea, na hukawia zaidi kurejea katika hali yake baada ya kupigwa na mwanga mkali.

Rangi nayo ni mtego mwingine. Vijana wetu wanaupenda mwanga wenye kuelekea buluu kwa kuwa unafanana na wa magari ya bei ghali. Lakini mwanga wa buluu ndio hutawanyika zaidi ndani ya jicho, na huleta udhia zaidi kwa anayekabiliwa nao. Isitoshe, balbu ya halojeni iliyopakwa rangi ya buluu haiongezi chochote. Rangi hiyo ni chujio linaloondoa sehemu ya mwanga uliokwisha kuzaliwa. Mnunuzi analipa zaidi ili apate kidogo.

Msomaji asidhani kwamba nina uadui na LED. Gari lililotoka kiwandani likiwa nazo, kama lilivyofanya Lexus LS 600h la mwaka 2007 kwa mwanga wake wa karibu, lina viakisi na lenzi zilizobuniwa kwa ajili ya chanzo hicho, na mwanga wake huwa mzuri. Ninalolipinga ni kuchanganya mwili wa kifaa kimoja na roho ya kifaa kingine. Wenzetu wamelitungia jambo hili kanuni. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2021, gari lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1986 au baadaye hushindwa ukaguzi wa kila mwaka likiwa na balbu za LED au zenoni ndani ya taa zilizoundwa kwa halojeni. Ujerumani iliruhusu balbu za LED za kuchomeka kuanzia mwaka 2020, lakini ni balbu zilizopimwa na kuidhinishwa tu, tena kwa aina za magari zilizotajwa moja moja. Hazikuruhusiwa kwa gari lolote na yeyote.

Yapo pia majaribu ya kizamani. Fundi atakwambia, "Mwalimu, tia za wati 100." Balbu ya wati 100 kwenye umeme wa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 8, ilhali waya za gari lako zilikusudiwa ampea 5. Soketi huyeyuka, swichi huungua, na joto hulibabua lile bakuli ling'aalo. Baada ya miezi michache taa ya wati 100 huangaza pungufu ya ile ya wati 55 uliyoitupa, na safari hii hakuna balbu itakayoiponya.

Sasa mwenye gari kuukuu afanye nini? Nitaeleza kwa utaratibu, kwani utaratibu ndio unaookoa fedha.

La kwanza ni lenzi. Ikiwa ni ya plastiki na imegeuka manjano, ujue jua limeila ngozi ya juu iliyowekwa kiwandani kuilinda. Katika nchi iliyokaliwa na Ikweta hilo halina budi kutokea. Wengi huisugua kwa dawa ya meno. Hung'aa kwa wiki chache, kisha manjano hurudi kwa kasi, kwa maana dawa ya meno husugua lakini hailindi. Njia iliyo sahihi ni kuisugua kwa maji na msasa, ukianzia namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi, na mwishowe upake vanishi maalumu inayozuia miali ya jua. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ndiyo yenye kuifanya kazi idumu. Kama lenzi ni ya kioo, haitakuwa manjano. Lakini ikiwa imechanjwachanjwa na kokoto za miaka 20, au imepasuka na kuingiza maji, haina polishi. Ibadilishwe.

La pili ni kiakisi. Ondoa balbu, uchungulie ndani kwa kurunzi. Ukikiona kinang'aa kama kioo, mshukuru Mungu na usikiguse hata kwa kitambaa laini, kwa kuwa utando wake wa alumini ni mwembamba kuliko unavyodhani. Ukikiona kimefifia, kimebabuka au kimeshika kutu, hakuna rangi ya kupuliza itakayokirudisha. Taa hiyo imekufa, hata ikiwa bado inawaka.

La tatu ni umeme, na hapa naomba walimu wa fizikia wanisikilize. Mwanga wa balbu ya halojeni haupungui sambamba na volti. Hupungua kwa kasi zaidi. Umeme unaoifikia balbu ukipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Tuchukue mwanga wa mbali: balbu mbili za wati 60 huvuta jumla ya ampea 10 hivi. Ikiwa swichi kuukuu, viungo vyenye kutu na waya wa ardhi uliolegea vimeleta ukinzani wa omu 0.1 tu, Sheria ya Ohm inatwambia kwamba volti 1 nzima inapotea njiani, na wati 10 zinageuka kuwa joto ndani ya swichi, viungo na waya huo. Gari litakuwa limepoteza karibu robo ya mwanga wake bila balbu yoyote kuwa na hitilafu. Injini ikiwa inanguruma, pima volti kwenye betri, kisha upime kwenye soketi ya balbu taa zikiwaka. Tofauti ikikaribia volti 1, usinunue balbu. Safisha viungo, kaza waya wa ardhi. Na kama haitoshi, mwombe fundi wa umeme wa magari aweke rilei na fyuzi, ili umeme mzito utoke kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa, na swichi ibakie na kazi nyepesi ya kuiamuru rilei. Rilei na waya hazina haiba ya kuonyesha majirani, lakini mara nyingi ndizo zinazorudisha mwanga uliopotea.

Hapo ndipo inapofika zamu ya balbu. Nunua H4 ya wati 60 na 55, nyeupe ya kawaida, ya mtengenezaji anayejulikana, na ununue mbili kwa pamoja, maana balbu huzeeka pamoja. Zipo halojeni zinazotangazwa kutoa mwanga zaidi kwa wati zile zile. Baadhi yake hufanya hivyo kweli, kwa kuwa uzi wake umesukwa ili uwake kwa joto kubwa zaidi. Lakini uzi huo hukatika mapema. Anayesafiri usiku mara chache huenda akaona zafaa. Anayesafiri kila alfajiri atazibadilisha mara nyingi. Unapoiweka, usiishike kioo chake kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi hukipasha joto mahali pamoja na kukipasua.

Kama taa nzima imekufa na ni lazima ununue nyingine, huo ndio wakati wa kufungua macho. Katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, na katika miji mingine, utazikuta taa zilizotumika kutoka Japani zikiwa kando ya taa mpya zilizotengenezwa kwa nchi mbalimbali. Taa iliyotolewa kwenye gari la Japani ina faida moja isiyo na mfano: iliundwa kwa nchi iendeshayo kushoto kama sisi. Nyingi ya taa mpya zimeundwa kwa nchi ziendeshazo kulia. Mstari wake hupanda upande wa kulia, na hapa kwetu huko kulia ndiko yatokako magari mengine. Taa kama hiyo, hata iwe na balbu dhaifu, itampofusha kila mtu usiku kucha, na hakuna skrubu itakayoirekebisha.

Utaitambuaje? Soma kilichoandikwa kwenye lenzi. Taa iliyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa ina herufi E na namba ndani ya duara. Namba hiyo hutaja nchi iliyoiidhinisha, kama vile 1 kwa Ujerumani, 11 kwa Uingereza na 43 kwa Japani. Simama mbele ya taa, ukiitazama usoni. Ikiwa ina mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, ni ya nchi ziendeshazo kushoto, nayo yatufaa. Ikiwa mshale una ncha mbili, yafaa pande zote. Ikiwa ina alama hiyo ya E na haina mshale, ni ya nchi ziendeshazo kulia, mrudishie mwenyewe. Taa nyingi za magari yaliyouzwa Japani kwenyewe hazina alama hiyo, ila jina la mtengenezaji kama Koito au Stanley. Hizo zijaribu ukutani ndipo uzilipie.

La mwisho, ambalo halina gharama na ndilo linalosahaulika kuliko yote, ni kuzielekeza taa. Tafuta uwanja ulio sawa na ukuta wa darasa. Jaza upepo magurudumu, mtu mmoja aketi kwenye kiti cha dereva. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, ukitie alama ukutani kwa chaki. Washa mwanga wa karibu. Ule mstari wa mwanga na giza, sehemu yake iliyolala, uwe sentimita 10 chini ya alama hiyo. Ukiwa juu ya alama, unawapofusha wenzako. Ukiwa chini mno, unajinyima barabara. Skrubu za kurekebishia zipo nyuma ya taa. Na ukumbuke kwamba gari likibeba familia nzima na mizigo ya sikukuu, sehemu ya nyuma huinama na pua huinuka, mwanga ukaenda mawinguni. Magari mengi yana kidude chenye namba karibu na usukani cha kuziinamisha taa kwa wakati kama huo. Wengi hukiuza pamoja na gari bila kuwahi kukigusa.

Kuna wenye hoja ya kunipinga. Watasema: "Kila mtu ananipofusha, nami nisipoweka kali nitaonaje?" Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake, kwani anayesafiri kati ya Nairobi na Nakuru usiku huyajua mateso hayo. Lakini tazama inakotupeleka. Wawili wakipofushana katika kilima kimoja, mtu aliye kati yao ukingoni haonwi na yeyote. Kulipiza kisasi kwa mwanga ni kisasi kinachomwangukia asiye na gari. Wengine watasema kwamba ukarabati ni wa matajiri. Hesabu tuliyoifanya inawajibu: msasa, waya, rilei, balbu ya kawaida na chaki ni vitu vya mtu wa kipato cha kadiri, na ukuta wa darasa hauna malipo.

Serikali nayo haiwezi kujitoa lawamani. Barabara zetu zinatawaliwa na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama imekuwepo tangu mwaka 2012. Hata hivyo dereva anaposimamishwa njiani, aghalabu huulizwa kama taa zinawaka. Ni nadra kuulizwa zinaangaza wapi. Ukaguzi unaohesabu taa bila kuzipima ni sawa na mtihani unaohesabu kurasa bila kusoma majibu. Na mwingizaji wa taa zilizoundwa kwa nchi ziendeshazo kulia aulizwe bandarini anamwuzia nani.

Lakini tusingoje Serikali kwa jambo liwezekanalo wiki hii. Mwalimu wa fizikia anaweza kuligeuza gari la mwenzake kuwa maabara: wanafunzi wapime volti kwenye betri na kwenye soketi, wachore mstari wa mwanga ukutani, wakokotoe umbali wa kusimama kwa kilomita 60, 80 na 100 kwa saa. Wataielewa Sheria ya Ohm kuliko walivyoielewa ubaoni, na jioni watawauliza wazazi wao maswali ambayo polisi hawaulizi. Wajifunze pia upande wao wa hesabu: kwamba kipande cha kitambaa cheupe kwenye mkoba hurudisha mwanga kwa dereva mapema kuliko sweta iliyokolea rangi.

Mwenye gari kuukuu asione haya kwa taa zake za manjano. Aone haya akiwa na taa nyeupe zinazowafanya wenzake wafumbe macho. Asugue lenzi, apime umeme, aweke balbu ya kadiri, azielekeze ukutani, kisha aondoke kwa mwendo ambao taa zake zinauweza. Atakayekutana naye njiani atapita salama bila kujua jina lake. Na mtoto aliye ukingoni ataonwa na madereva wote wawili.